Mapitio ya seti ya slaidi: damu inavyotengenezwa katika ini kabla ya mtoto kuzaliwa

Wanafunzi wengi wa udaktari, uuguzi na biolojia huhitimu wakijua kwamba damu hutengenezwa katika uboho wa mfupa, lakini ni wachache waliowahi kuona kwa macho yao kwamba kwa miezi kadhaa ya ujauzito kazi hiyo hufanywa hasa na ini. Vitabu vingi hulitaja jambo hilo kwa sentensi mbili tatu na mchoro mmoja, kisha husonga mbele. Seti ninayoipitia hapa imetengenezwa ili kuziba pengo hilo. Ni slaidi 16 za kioo ndani ya kasha la mbao, pamoja na kijitabu cha maelezo, na zinafuatilia utengenezaji wa damu tangu kwenye kifuko cha kiini cha yai, yaani kifuko kilichoungana na kiinitete ambamo damu ya kwanza huonekana, hadi katika ini la mnyama mzima. Nimeitumia kufundishia na kujisomea, na hukumu yangu ni kwamba slaidi zenyewe ni bora kuliko kijitabu kinachozieleza, kiasi kwamba mnunuzi atanufaika zaidi akizitazama kwanza na kukisoma kijitabu baadaye.

Slaidi ya kwanza ni ya kiinitete cha nguruwe chenye urefu wa milimita 10, na nyingine zote ni za panya wa maabara. Hakuna tishu ya binadamu hata moja, na naona uamuzi huo ni sahihi, kwa sababu tishu za vijusi vya binadamu zina masharti yake ya ridhaa na maadili ambayo hayaendani na bidhaa ya kuuzwa kwa yeyote anayeitaka. Panya ana faida nyingine pia. Mimba yake huchukua siku 19 hadi 20 tu, ini lake huanza kupokea seli za damu kwenye siku ya 10 au ya 11, na kufikia siku ya 14 kazi huwa imepamba moto. Kwa hiyo slaidi chache zinatosha kuonyesha mwendo mzima. Watengenezaji wamechagua siku za 11, 14, 16 na 18, kisha mtoto aliyezaliwa siku hiyohiyo, mtoto wa wiki mbili, na panya mzima. Vipande vimekatwa kwa unene wa mikromita 5, na karibu vyote vimetiwa rangi mbili za kawaida za maabara: hematoksilini, inayovitia viini vya seli rangi ya buluu iliyokolea, na eosini, inayoitia sehemu nyingine ya seli rangi ya waridi. Vichache vimetiwa Giemsa, rangi inayotumika sana kwa seli za damu, nami ningependa vingekuwa vingi zaidi, kwa sababu Giemsa ndiyo inayozitenganisha vizuri seli changa za damu kwa hatua zake.

Kiinitete cha nguruwe ni mwanzo mzuri. Ukiiweka slaidi hiyo chini ya lenzi ndogo kabisa, jambo la kwanza linalokuvutia ni ukubwa wa ini: limejaa karibu nafasi yote ya tumbo, likiyaacha matumbo yakiwa kama kitu cha pembeni. Mwanafunzi akiuliza kwa nini kiumbe ambacho bado hakijala chochote kina ini kubwa namna hiyo, somo limeshaanza. Kwa binadamu pia ndivyo ilivyo. Kufikia wiki ya 9 ya ujauzito, ini huwa takriban asilimia 10 ya uzito wote wa kijusi, na mtoto anapozaliwa huwa limeshuka hadi karibu asilimia 5. Sehemu kubwa ya ukubwa huo wa mwanzo inatokana na seli za damu zinazokua ndani yake, na wala si kwamba seli za ini zenyewe zimezidi mahitaji.

Slaidi ya siku ya 11 ndiyo inayohitaji mwalimu mvumilivu. Ni kata ya mwili mzima, na inaonyesha mambo mawili yaliyo mbalimbali ambayo lazima yaunganishwe. La kwanza ni ini changa, lenye seli za damu chache tu zilizotawanyika. La pili ni aota, ateri kuu inayopita mgongoni, ambayo kwenye sakafu yake, yaani upande wake wa chini, mtu anaona vishada vidogo vya seli za mviringo vimeng'ang'ania ukuta kwa ndani. Seli hizo zimezaliwa na ukuta wenyewe wa mshipa, na kati yao zimo seli shina za damu, yaani seli mama zinazoweza kuzaa aina zote za seli za damu, ambazo zitasafiri hadi kwenye ini. Hili ni jambo la msingi ambalo michoro mingi hulificha: ini halianzishi seli shina za damu. Linapokea wageni kwa awamu, kwanza watangulizi waliotoka kwenye kifuko cha kiini cha yai, kisha seli shina kutoka kwenye aota, na linachokifanya ni kuzipa mahali pa kukaa, kugawanyika na kukomaa. Kijitabu kimeweka mshale kwenye picha ya kishada hicho na sentensi moja chini yake. Mahali hapa palistahili ukurasa mzima.

Kwa nini liwe ini, si kiungo kingine? Kijitabu hakiulizi swali hilo, ingawa jibu lake linaonekana kwa sehemu kwenye slaidi zenyewe. Damu inayotoka kwenye kondo la nyuma ikiwa na oksijeni na virutubisho huingia mwilini kwa mshipa wa kitovu, na sehemu yake kubwa hupita katika ini kabla ya kuufikia moyo. Mishipa ya ini ni mipana, yenye kuta nyembamba na zenye matundu, hivyo seli zinaweza kuingia na kutoka bila taabu. Seli changa za ini hutoa vichocheo ambavyo seli za damu zinavihitaji, kama vile kichocheo cha seli shina na thrombopoietini (ya chembe sahani), na erithropoietini (ya seli nyekundu), ambayo kwa mtu mzima hutoka hasa kwenye figo, wakati wa ujauzito hutoka hasa kwenye ini hilohilo. Zaidi ya hayo, mifupa bado ni gegedu. Mpaka gegedu hiyo ibadilike kuwa mfupa, mishipa ya damu iingie na nafasi ya uboho ifunguke, hakuna nyumba nyingine iliyo tayari.

Sasa nifike kwenye slaidi ya siku ya 14, ambayo kwa maoni yangu peke yake inatosha kuihalalisha seti nzima. Kwa lenzi ndogo ini linaonekana kama eneo jeusi lenye madoadoa mengi mno, na mwanafunzi anayelijua ini la mtu mzima, lenye seli pana zilizojipanga kwa mistari, hatalitambua. Ongeza ukuzaji. Utaanza kuona kwamba kuna tishu mbili zinazoishi mahali pamoja: seli za ini, ambazo ni kubwa, zenye saitoplazimu (ute unaokizunguka kiini cha seli) iliyopauka na kiini cha mviringo kilicho wazi chenye nukta moja au mbili ndani yake, na katikati yao, zikiwa zimejazana kwa wingi kuzishinda, seli ndogo zenye viini vyeusi vya duara, ambazo ndizo seli changa za damu nyekundu. Wengi hudhani mara ya kwanza kwamba seli hizo nyeusi ni limfosaiti, chembe nyeupe za kinga, na kwamba ini limeshambuliwa na ugonjwa. Mwalimu awaache wadhani hivyo kidogo, kisha awaongoze kwenye lenzi ya mafuta, ile ya ukuzaji mkubwa kabisa inayogusishwa tone la mafuta juu ya slaidi.

Kwa lenzi ya mafuta mambo yanafunguka. Mtafute makrofaji, seli kubwa inayomeza mabaki, yenye saitoplazimu pana iliyochafuka kwa mabaki, na utaona seli changa nyekundu zimemzunguka kama vifaranga na mama yao. Kisiwa hiki cha seli nyekundu kilielezwa mwaka 1958 na Marcel Bessis, mtafiti wa Ufaransa, akikitazama katika uboho. Katika ini la kijusi mpangilio ni uleule. Zilizo changa zaidi zina kiini kikubwa na saitoplazimu ya buluu. Kadiri zinavyokomaa kiini kinasinyaa na kukolea, saitoplazimu inageuka kuwa ya waridi kwa sababu ya himoglobini, na mwishowe kiini kinasukumwa nje. Katika nakala ya slaidi niliyo nayo kuna mahali ambapo seli imenaswa katikati ya tendo hilo, kiini kikiwa kimetokeza ukingoni na kubaki kimeshikiliwa na uzi mwembamba wa saitoplazimu, na ndani ya makrofaji wa jirani kuna viini vingine viwili vya namna hiyo ambavyo vimeshamezwa na vinayeyushwa. Nimefundisha tendo hili kwa michoro kwa muda mrefu, na nakiri kwa furaha kwamba hakuna mchoro unaolifikia.

Kwenye slaidi hiyohiyo utapata megakariosaiti, seli kubwa kupita zote, yenye kiini kilichogawanyika sehemu nyingi zilizoungana, ambayo ndiyo chanzo cha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Chembechembe nyeupe za aina ya granulosaiti ni chache katikati ya tishu na huonekana zaidi kuzunguka matawi ya mshipa wa lango, unaoleta damu kwenye ini kutoka matumboni. Limfosaiti B, zinazotengeneza kingamwili, zinaanza kuzaliwa humu pia, lakini kwa rangi ya kawaida haiwezekani kuzitofautisha kwa uhakika na seli nyingine ndogo, na kijitabu kinakosea kwa kuwataka wanafunzi wazitafute. Kazi hiyo inahitaji kingamwili zenye alama, ambazo seti hii haina.

Slaidi mbili za matone ya damu yaliyotandazwa, moja ya siku ya 12 na nyingine ya siku ya 16, zinakamilisha hoja. Katika ya siku ya 12, karibu kila seli nyekundu ni kubwa na ina kiini, kwa sababu bado ni kizazi cha kwanza kilichotoka kwenye kifuko cha kiini cha yai. Katika ya siku ya 16, seli nyingi ni ndogo na hazina kiini, nazo ndizo zilizotoka kwenye ini. Ni vema mwalimu aongeze kwamba hata seli za kizazi cha kwanza hupoteza viini vyao hatimaye, zikiwa zinazunguka kwenye damu, kati ya siku ya 12 na ya 16. Kwa hiyo kutokuwa na kiini peke yake si ushahidi kwamba seli imetoka kwenye ini. Ukubwa wake ndio unaosaidia. Kijitabu hakisemi hivyo, na mwanafunzi makini atakwama.

Hapo ndipo malalamiko yangu makubwa yanapoanzia. Kijitabu kinaeleza utengenezaji wa damu kama zamu zenye mipaka mikali: kifuko cha kiini cha yai kinafunga kazi, ini linafungua, kisha ini linafunga na uboho unachukua nafasi. Slaidi walizozitengeneza wao wenyewe zinakataa maelezo hayo. Siku ya 12, seli za kifuko ndizo zimejaa kwenye mishipa wakati ini limeshaanza kazi. Siku ya 18, uboho wa paja umeshaanza kupata seli wakati ini bado lina visiwa vingi. Kwa binadamu nako awamu hupishana kwa muda mrefu. Damu ya kwanza huonekana kwenye kifuko cha kiini cha yai katika wiki ya 3. Ini linaanza kazi katika wiki ya 5 au ya 6 na kuwa mahali pakuu pa kutengeneza damu kwa miezi ya katikati ya ujauzito. Uboho unaanza kidogo kidogo karibu na wiki ya 10 au ya 11, lakini hauwi mkuu mpaka karibu na mwezi wa 7. Na hata mtoto anapozaliwa, visiwa vichache vya damu bado vinaweza kuonekana kwenye ini lake.

Kosa la pili ni kubwa zaidi: kijitabu kinachanganya panya na binadamu bila kuonya. Kurasa zinazoambatana na slaidi za panya zimepambwa kwa wiki za ujauzito wa binadamu, na bandama la panya limewekwa kana kwamba ni hatua ya kupita tu. Ukweli ni kwamba bandama la panya linaendelea kutengeneza damu maisha yake yote, jambo ambalo bandama la binadamu mwenye afya halifanyi. Mwanafunzi atakayetoka kwenye slaidi ya bandama, yenye megakariosaiti wazi kabisa, akaamini kwamba ndivyo bandama la mtu lilivyo, hana wa kumlaumu isipokuwa kijitabu.

Ukurasa wa himoglobini unaumiza zaidi kwa sababu ungeweza kuwa bora kuliko zote. Unaeleza himoglobini ya kijusi, yenye minyororo miwili ya alfa na miwili ya gama, ukiwa umewekwa mkabala na picha ya ini la panya la siku ya 14. Panya hana himoglobini ya aina hiyo: ini lake huanza moja kwa moja kutengeneza himoglobini ya utu uzima. Ni ini la kijusi cha binadamu linalotengeneza himoglobini ya kijusi kwa wingi, na sababu yake ni ya kupendeza. Himoglobini hiyo haishikani vizuri na kemikali ya bifosfogliserati iliyomo ndani ya seli nyekundu, na kwa hiyo inaivuta oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko himoglobini ya mama, hivyo oksijeni huvuka kondo kuelekea kwa mtoto. Anapozaliwa, himoglobini hiyo bado ni kama asilimia 60 hadi 80 ya himoglobini yake yote, kisha hupungua katika miezi inayofuata.

Kupungua huko ndiko kunakoeleza kwa nini mtoto aliyerithi ugonjwa wa selimundu kwa kawaida haonyeshi dalili katika miezi yake ya mwanzo: amelindwa na himoglobini aliyozaliwa nayo. Dawa ya hidroksiyurea husaidia kwa sehemu kubwa kwa kuirudisha himoglobini hiyo, na mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa wagonjwa wa selimundu, ambayo hupunguza nguvu za jeni ya BCL11A katika seli za damu, jeni inayozima himoglobini ya kijusi. Mwalimu akiyaunganisha haya na slaidi ya siku ya 14, huku akisema bayana kwamba panya si binadamu, atakuwa amewapa wanafunzi sababu ya kulijali ini la kijusi hata kama hawatalitazama tena maishani. Toleo lijalo la kijitabu linapaswa kufanya kazi hiyo.

Slaidi za mwisho ni za kutazamwa kwa kulinganisha, na zimepangwa vizuri. Siku ya 18 seli za ini zimeanza kujipanga na visiwa vya damu vimepungua. Siku ya kuzaliwa vimebaki vishada. Wiki mbili baadaye vimekaribia kwisha. Jambo ambalo ningetaka kila mwanafunzi alijue anapoziangalia ni kwamba seli za damu zenyewe huchangia kuondolewa kwake. Hutoa kichocheo kinachoitwa onkostatini M, ambacho pamoja na homoni za glukokotikoidi husukuma seli za ini kukomaa, na ini lililokomaa halifai tena kuzilea. Uwezo huo haufutiki kabisa: kwa mtu mzima mwenye thalasemia kali, ugonjwa wa kurithi wa himoglobini, au ambaye uboho wake umegeuka makovu, ini na bandama huweza kuanza tena kutengeneza damu, na tumbo huvimba kwa sababu yake. Kuna pia watoto wachanga wenye hali ya Down ambao huzaliwa na seli changa zilizozidi kwenye damu, zilizoanzia kwenye ini la kijusi kwa badiliko la jeni ya GATA1. Kwa wengi wao hali hiyo hutoweka yenyewe katika miezi ya mwanzo, ingawa baadhi yao baadaye hupata saratani ya damu, na kwa hiyo huhitaji kufuatiliwa.

Kuhusu ubora wa kazi ya mikono, nina machache. Vipande ni laini, rangi imekolea sawasawa, na kioo cha kufunikia kimegandishwa vizuri isipokuwa kwenye slaidi ya siku ya 16, ambayo katika kasha nililopata ina mkunjo katikati ya tishu na kiputo cha hewa ukingoni. Muuzaji aliibadilisha bila ubishi. Lebo zimechapishwa kwa herufi ndogo mno, na zinataja siku bila kusema kama siku ya kwanza imehesabiwa sifuri au moja, tofauti ambayo kwa mnyama mwenye mimba ya siku 19 si ndogo hata kidogo. Picha za kidijitali zinazokuja na seti ni kali na zinaweza kuonyeshwa ukutani, lakini zimepigwa kwa ukuzaji mmoja tu, kwa hiyo haziwezi kuchukua nafasi ya hadubini.

Ningeipendekeza kwa chuo chochote kinachofundisha elimu ya tishu au ya viinitete, mradi kina angalau hadubini moja yenye lenzi ya mafuta, kwa sababu bila lenzi hiyo nusu ya thamani ya slaidi ya siku ya 14 inapotea. Kwa mtu binafsi anayesoma kwa ajili ya mtihani, seti ni kubwa kuliko mahitaji; slaidi za siku ya 11, 14 na ya kuzaliwa, pamoja na matone mawili ya damu, zinamtosha, na watengenezaji wanaziuza pia moja moja. Anayeagiza aombe slaidi ya siku ya 14 iliyotiwa Giemsa pamoja na ile ya kawaida, aulize siku zimehesabiwaje, na akishazipokea azihifadhi zikiwa zimelazwa, mbali na mwanga wa jua, kwa kuwa eosini hupauka mapema kuliko hematoksilini na seli nyekundu zilizokomaa ndizo zinazotegemea eosini ili zionekane.